Fonti ya kadi ya Idi itakayosomwa na bibi

Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam, anauliza:

"Asalaam aleikum mtaalamu. Nataka kumtengenezea bibi yangu kadi ya Idi mwenyewe, niichapishe kwenye manila, niikunje, nimtumie Pangani kwa basi pamoja na mkono wake wa Idi. Bibi macho yamepungua lakini kusoma hajaacha, na kwa kuwa alisoma chuoni, herufi za Kiarabu anazisoma vizuri kuliko hizi zetu. Juu ya kadi nimeandika IDI MUBARAKA BIBI kwa fonti ya mwandiko wa nakshi, chini yake عيد مبارك, ndani kuna dua, salamu na majina ya wajukuu saba. Nimepakua fonti za bure chungu nzima. Kwenye simu kadi inapendeza. Nilipoipeleka steshenari fonti zote zikabadilika, Kiarabu kikatoka herufi mojamoja tena kimegeuka, na mume wangu anasema maandishi ya juu hata kwenye simu hayasomeki. Nitumie fonti gani?"

Waalaikumu salaam, dada. Tuanze na mumeo: yuko sawa, nasema hivyo hata kabla sijaiona kadi yenyewe. Halafu hapo una matatizo matatu yaliyovaana. Maandishi ya juu kutosomeka ni suala la kuchagua fonti. Fonti kubadilika steshenari ni suala la faili. Kiarabu kukatika ni suala la programu uliyochorea. Usipoyatenganisha utapakua fonti mpaka simu ijae, na kadi itoke vilevile.

Fonti nyingi zinazosifiwa kuwa nzuri kwa kadi zimesifiwa zikiwa zimeandikiwa maneno ya Kiingereza. Herufi zilizomo kwenye sampuli zile siyo zinazojaa kwenye salamu zetu. Kiswahili kina a, i na u kila mahali, kina m, n na w kwa wingi, na maneno yake ni marefu. Kwa hiyo fonti usiichague kwa jina wala kwa sampuli. Iandikie maneno yako kamili, yaleyale yatakayokaa kwenye kadi, kwa ukubwa uleule, ndipo uamue.

Chukua dua ya kawaida kabisa: "Mungu akuzidishie umri na imani." Iandike kwa fonti ya mwandiko wa kuunganisha, zile zinazoiga kalamu ya wino. Sasa tazama neno "imani". Katika fonti nyingi za namna hiyo, i ni kijiti kimoja kifupi, m ni vijiti vitatu, n ni viwili, u ni viwili vilivyounganishwa chini badala ya juu. "Umri" linaanza na vijiti vitano mfululizo kabla hujaifikia r. Kinachomsaidia msomaji ni kule kuunganishwa juu au chini, pamoja na nukta ya i. Na fonti za nakshi hupenda kuchezea vitu hivyo hivyo: viungo vinakuwa vyembamba mno, nukta inageuzwa kamoyo kadogo au inasogezwa mbali na kijiti chake. Kijana mwenye macho mazima atakisia kutokana na sentensi. Bibi atasogeza kadi mbali, ataileta karibu, mwishowe atamwita mtoto amsomee.

Ndiyo maana nasema fonti ya mwandiko iwe ya maneno mawili matatu, na yawe makubwa. Dua isiiguse.

Kuna tatizo la pili hapo juu, nalo ni herufi kubwa. Katika fonti za mwandiko, herufi kubwa zimechorwa ili isimame moja mwanzoni, ikifuatwa na ndogo. Zina mikia na vitanzi vinavyohitaji nafasi. Ukizipanga zote kubwa, I D I M U B A R A K A, vitanzi vinagongana na neno linageuka uzio wa seng'enge. Tena herufi I kubwa ndiyo mkorofi kuliko zote: katika fonti nyingi za mwandiko utaidhania J, au L, au T. Sasa wewe neno lako la kwanza linaanza na I na kuishia na I.

Una njia tatu za kutoka hapo. Ya kwanza ni kubaki na fonti ya mwandiko lakini uandike "Idi Mubaraka" kwa herufi ndogo baada ya I ya kwanza na M ya pili, halafu uipitishe fonti kwenye mtihani wa I. Mpe mtu ambaye hajui unaandika nini hiyo herufi ya kwanza peke yake, akisema ni J itupe. Ya pili ni kuyageuza maneno: "Heri ya Idi, Bibi". Hapo neno la kwanza linabebwa na H, na jicho likifika kwenye I limeshajua linakokwenda. Ya tatu, ambayo mimi ningeichagua, ni kuacha mwandiko kabisa na kuandika herufi kubwa za kawaida zilizopanuliwa nafasi kidogo kati ya moja na nyingine.

Usione kama hiyo ya tatu ni ya kimaskini. Fungua kanga yoyote ya bibi. Nakshi yote iko kwenye pindo na mji, lakini jina limeandikwa kwa herufi kubwa za kawaida, wazi, zisizo na mkia, ili mtu alisome mvaaji akipita. Waliozichora walijua kwamba jina la kanga ni ujumbe, na ujumbe lazima ufike. Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo: weka pambo la pindo kuzunguka ukurasa wa mbele, katikati weka IDI MUBARAKA kwa fonti tulivu. Kadi itaonekana ya Pwani bila kulazimisha.

Hapo nina neno kuhusu zile fonti za "Kiarabu bandia". Umeziona: herufi za Kirumi zilizopindwa na kutiwa vinukta ili zifanane na Kiarabu. Kila Ramadhani zinajaa kwenye mabango ya futari na kadi za Idi. Kwa mtu asiyesoma Kiarabu ni pambo. Kwa bibi yako ni adhabu, maana macho yake yanajua nukta mbili chini ya kijino ni herufi gani na nukta moja juu ni herufi gani, na hapa nukta zimetupwa ovyo juu ya A na U. Kadi yako itakuwa na Kiarabu cha kweli. Haihitaji cha bandia.

Sasa majina ya fonti, maana najua ndiyo uliyoyasubiri. Nitakutajia chache, zote zinapatikana bure kwenye Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google mtandaoni, tena kwa leseni inayoruhusu hata kuuza kadi utakazotengeneza nazo.

Kwa maneno ya mbele, Playfair Display ni nzuri. Ilichorwa na Claus Eggers Sørensen kwa ajili ya vichwa vya habari, ina vijiguu mwishoni mwa mistari na tofauti kubwa kati ya mstari mnene na mwembamba, ndiyo inayoipa heshima. Lakini ile mistari myembamba ni ya kuonekana kwenye ukubwa. Ukiishusha chini ya pointi 20 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) na kuichapisha kwa printa ya wino kwenye manila inayonyonya, mistari hiyo ama inapotea ama inatota, na herufi zinakuwa na mapengo. Iache mbele, kwenye pointi 40 na kuendelea.

Ukitaka mwandiko, Dancing Script inasomeka kuliko nyingi za aina yake kwa sababu haina vitanzi vingi. Great Vibes ni maridadi kweli, inatamaniwa na kila bibi harusi, ila ni nyembamba na vitanzi vyake ni vikubwa; kwa bibi yako hapana. Pacifico ni nene na inasomeka kwa mbali. Aliyeichora, Vernon Adams, alivutiwa na utamaduni wa wateleza mawimbi wa Marekani wa miaka ya 1950, na kweli ina ile hali ya likizo. Kwenye kadi ya kuzaliwa ya mtoto ningeitumia bila kusita. Kwenye kadi ya Idi kwa mtu mzima wa Pangani, pamoja na bahari yake yote, naona inachangamka kupita kiasi.

Kwa maandishi ya ndani nina mgombea mmoja mbele ya wengine: Andika. Ndiyo, hilo ndilo jina lake, na ni neno letu. Ilitengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, kwa hiyo kila herufi imechorwa isifanane na jirani yake. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni kijiti kilekile, na "Idi" unaweza kulisoma "ldi". Herufi ndogo za Andika pia zina kimo kirefu ukilinganisha na herufi zake kubwa, kwa hiyo kwa pointi zilezile inaonekana kubwa kuliko fonti nyingi. Kasoro yake ni kwamba inafanana na kitabu cha darasa la kwanza. Ukiona haina utu uzima wa kutosha, chukua Gentium, ya SIL vilevile, kazi ya Victor Gaultney, au Lora. Zote mbili zina vijiguu, zina mistari yenye unene wa kutosha kuchapika kwenye karatasi ya kawaida, na zinakaa vizuri chini ya Playfair Display.

Comic Sans? Tangu Vincent Connare aichore pale Microsoft mwaka 1994 imetukanwa sana, mara nyingi na watu wasiosoma kadi za watoto. Inasomeka. Lakini inacheka muda wote, na dua ya kumwombea mtu mwisho mwema haitaki kuchekewa.

Fonti mbili zinatosha: moja ya mbele, moja ya ndani. Ya Kiarabu ni ya tatu kwa lazima. Ukihisi mahali fulani panahitaji mkazo, ongeza ukubwa au tumia koza (herufi zilizonenepeshwa) ya fonti ileile, usilete ya nne. Hati mlazo, yaani herufi zilizoinama, itumie kwa mstari mmoja tu, si kwa dua nzima, maana macho dhaifu huchoka nayo haraka.

Kabla hujaamua, jaribu jambo moja dogo ambalo fonti za bure huanguka nalo: kibainishi cha ng'. Kama dua yako ina "uso wako uzidi kung'ara", iandike na uitazame kwa karibu. Fonti nyingi za majaribio hazijachorewa alama hiyo. Programu inaazima alama kutoka fonti nyingine, au inaweka kisanduku kitupu, au inaacha pengo, na wewe hujagundua mpaka imechapishwa. Tena uangalie kirekebishi cha maneno cha simu, hasa kama kimewekwa Kiingereza. Kitakubadilishia neno ukiwa unatazama pembeni.

Tuje kwenye Kiarabu, ambako umeteseka bure.

Herufi ya Kiarabu hubadilika umbo kulingana na mahali ilipo: peke yake, mwanzo wa neno, katikati, mwisho. Fonti inabeba maumbo hayo yote, lakini anayechagua umbo lipi liwekwe wapi ni programu. Programu isiyojua Kiarabu, au ambayo sehemu hiyo haijawashwa, inachukua lile umbo la herufi iliyo peke yake na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia. Ndicho kilichokupata. Ungebadilisha fonti mia moja, matokeo yangekuwa hayo hayo.

Kagua hivi, hata kama husomi. Katika عيد مبارك kuna maneno mawili. La kwanza, kuanzia kulia, lazima liwe kipande kimoja: ain, ye na dali zimeshikana. La pili lina herufi tano, lakini utaona vipande vitatu: mim, be na alifu zimeshikana, kisha re imesimama peke yake, kisha kaf peke yake. Re na kaf kutoshikana si kosa, ndivyo zilivyo, kwa sababu alifu na re hazimshiki anayefuata. Lakini ukiona neno la kwanza limetoka vipande vitatu, au ukaona ile ain yenye mdomo wazi iko mwisho wa kushoto badala ya mwanzo wa kulia, simamisha kazi. Hiyo si kadi ya kumpelekea mtu aliyesoma chuoni. Atatabasamu kwa adabu, lakini ataona.

Programu za kuandikia za siku hizi, Word ya sasa au Google Docs, zinaunganisha zenyewe. Zinazosumbua ni baadhi ya programu ndogo za kuchorea za simu na matoleo ya zamani ya programu za kompyuta yaliyobaki kwenye maduka mengi. Kama unayoitumia inakugomea, andika Kiarabu kwenye programu nyingine inayokubali, ihifadhi kama picha yenye ukubwa wa kutosha, kisha ilete kwenye kadi kama pambo. Picha haivunjiki herufi.

Na fonti ya Kiarabu yenyewe? Bibi yako amezoea msahafu, kwa hiyo mpe naskhi, ule mwandiko wa kawaida wa misahafu na vitabu. Amiri, kazi ya Khaled Hosny, imefuata herufi za kiwanda cha uchapaji cha Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Ina sura ya kitabu cha zamani kilichopigwa chapa vizuri. Scheherazade New ya SIL ni naskhi vilevile. Reem Kufi ina pembe na mistari iliyonyooka, inapendeza kwenye nembo na mabango, lakini kwa mtu mzima naskhi ndiyo nyumbani. Vyovyote utakavyochagua, Kiarabu kiongezee ukubwa. Ukiweka Kiarabu na Kirumi kwa pointi zilezile, Kiarabu mara nyingi huonekana kimesinyaa. Kama IDI MUBARAKA iko pointi 40, anza Kiarabu kwenye 50, kisha usogeze mpaka macho yaridhike. Ukitia irabu, panua nafasi kati ya mistari, la sivyo fataha ya mstari wa chini itagonga matumbo ya herufi za juu.

Nina pendekezo ambalo hukuliomba. Umesema bibi anasoma herufi za Kiarabu kuliko za Kirumi. Kwa nini basi usimwandikie japo mstari mmoja wa Kiswahili chenyewe kwa herufi hizo? Mashairi na barua za Pwani ziliandikwa hivyo kwa karne nyingi. Tafuta mtu aliyesoma akuandikie, kisha chagua fonti yenye herufi ambazo Kiarabu hakina. Pangani penyewe panaanza na pe, yenye nukta tatu chini, na kwenye fonti nyingi zilizochorwa kwa Kiarabu pekee pe hutaipata, wala che, wala ve. Scheherazade New imechorwa kwa lugha nyingi zinazotumia herufi za Kiarabu, nami ningeanza na hiyo.

Ukubwa wa maandishi ya ndani. Pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo pointi 12 ni kama milimita 4.2. Lakini hicho ni kimo cha nafasi nzima ya herufi, pamoja na mkia wa g na kichwa cha k. Herufi ndogo kama a inabaki na milimita mbili hivi. Kwenye simu ulikuwa umevuta skrini, ndiyo maana hukuliona hilo. Vitabu vya wenye macho dhaifu huchapwa kwa pointi 16 hadi 18, nawe chukua 18.

Utaniuliza kama maneno yataenea. Karatasi ya A4 ukiikunja mara moja unapata kurasa za A5, milimita 148 kwa 210. Acha pambizo ya milimita 15 kila upande. Kwa pointi 18 mstari utabeba herufi kama 35 hivi, maana yake maneno manne matano ya Kiswahili, na ukiachia mistari nafasi ya kutosha utapata kama mistari 20 kwa ukurasa. Dua na salamu ukurasa wa kulia, majina saba ya wajukuu ukurasa wa kushoto, kila jina na mstari wake. Inaenea na nafasi inabaki. Usikunje A4 mara mbili kupata kadi ndogo ya A6. Inapendeza mkononi, ila kwa pointi 18 utakuwa na maneno matatu kwa mstari na dua itaonekana kama orodha ya sokoni.

Maandishi yaanzie kushoto, mwisho wa mstari uache ulivyo. Ukinyoosha pande zote mbili, kwa maneno marefu kama "tunakuombea" na "akujaalie", programu itatawanya nafasi katikati ya mstari mpaka ionekane meno yamepungua. Kuweka katikati kunafaa mbele na kwenye majina, si kwenye aya.

Rangi nitaipita haraka: maandishi yawe meusi, au kijani kilichokolea sana, juu ya karatasi nyeupe au ya maziwa. Dhahabu unayoiona kwenye simu printa ya kawaida haina. Itakutolea njano ya tope. Ukiitaka dhahabu ya kweli, nunua kalamu ya jeli ya dhahabu uchore mwezi na pindo kwa mkono baada ya kuchapisha. Na usiandike juu ya picha ya msikiti, hata uipunguze mwanga vipi.

Kuhusu steshenari: fonti zilibadilika kwa sababu kompyuta ya pale haikuwa nazo. Faili ya Word kwa kawaida hubeba jina la fonti, si fonti yenyewe. Ikifika kwenye kompyuta isiyo nayo, inawekewa nyingine iliyo karibu. Dawa ni kuhifadhi kadi kama PDF, ambayo hubeba herufi zenyewe. Ifungue hiyo PDF kwenye simu ya mtu mwingine asiye na fonti zako. Ikikaa sawa huko, na dukani itakaa sawa. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, usipige picha ya skrini wala usiitume kama picha, maana picha hubanwa na kingo za herufi zinavurugika.

Ukifika dukani mwambie achapishe kwa asilimia 100, asiiruhusu printa ijibanie ukurasa, kwa sababu pointi 18 zako zinaweza kushuka bila wewe kujua. Omba nakala moja ya karatasi ya kawaida kwanza. Unalipa kidogo, unaokoa manila. Kwa upande wa nje, ukurasa wa mbele unakaa nusu ya kulia ya karatasi iliyolala, na mgongo wa kadi nusu ya kushoto. Akichapisha pande zote mbili, igeuzwe kwa ukingo mfupi, vinginevyo ndani itatoka kichwa chini. Manila nzito baadhi ya printa huikataa au huikunja tumboni, kwa hiyo muulize yake inameza gramu ngapi kabla hujanunua. Na kama ni printa ya leza, usipitishe rangi iliyokolea kwenye mkunjo, itapasuka na kumenyeka. Kabla ya kukunja, pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula pale katikati, ukikandamiza. Manila itakunjika kwa mstari ulionyooka.

Nakala ile ya majaribio ipeleke nyumbani usiku, uisome kwa taa ya sebuleni, si kwa jua la dukani, ukiwa umenyoosha mkono. Kisha mpe mama au jirani wa umri wa bibi aisome kwa sauti, wewe ukiwa umenyamaza. Pale atakaposita ndipo pa kurekebisha: ama ongeza ukubwa, ama badilisha fonti, ama fupisha sentensi. Usimwulize kama ni nzuri. Atakuambia ni nzuri.

Majina ya wajukuu unaweza hata kutoyachapisha. Acha mistari saba mitupu, kila mtoto aandike la kwake kwa kalamu nyeusi yenye ncha nene. Kama wote wako karibu nawe, fanya hivyo.

Kadi iliyokunjwa kuwa A5 inaingia kwenye bahasha ya C5. Juu ya bahasha usichapishe chochote. Andika kwa markapeni jina la bibi, Pangani, na namba ya simu ya atakayepokea, tarakimu ukizitenga tatutatu, moja uifanye kijiti kitupu na saba uitie kimstari katikati, kwa sababu konda ataisoma akiwa amesimama mlangoni na basi limeshaanza kuondoka.